Kunjo la Tatu

Bi Salha Abasi alikisia. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe ilimchukua siku tatu kulikiri, na hata hapo alilikiri moyoni tu, akiwa kwenye kiti cha mbele cha kirikuu cha mizigo, maboksi mawili ya vitabu yakigongana nyuma yake, wakipanda kuelekea Akheri.

Vitabu mia moja na ishirini. Vyote alivishona kwa mkono wake, katika karakana ya kuchapa na kujalidi ya Ngarenaro alikofanya kazi miaka thelathini na moja. Na hadithi iliyomo ndani ilikuwa yake vilevile. Kilikuwa kisa cha Mize, binti wa miaka kumi aliyeishi miaka mia sita iliyopita, zama za ngome na misafara na majemadari wenye mikuki. Mize alipewa barua ya siri kutoka pwani, aipeleke kwenye mji wa mawe ulio bara, akaificha ndani ya fimbo iliyotobolewa. Sura kumi fupi, herufi kubwa, kwa watoto wa darasa la tatu ambao wameshaagana na a, e, i, o, u na sasa wanataka kitabu chenye sura kama cha wakubwa.

Mtu mwingine angeimba njia nzima. Bi Salha alikuwa amekumbatia mkoba wake, hata salamu za dereva anazijibu nusunusu. Sababu ni moja, na hakuna mtu karakana nzima aliyeijua: Bi Salha alikuwa hajui kusoma hizo herufi.

Msije mkamdhania vibaya. Kusoma alijua, tena sana. Baba yake, mzee Abasi, alitoka Pangani kuja Arusha kupika hotelini, akamweka binti yake kwenye chuo cha Bi Mwamvua, palepale Ngarenaro. Bi Mwamvua alifundisha Kurani. Mtoto akihitimu juzuu moja alipewa inayofuata, na wenzake waligawiwa bisi na kashata. Lakini mabinti wepesi aliwaongezea jambo jingine, kuandika Kiswahili kwa herufi zilezile za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mabibi wa pwani walivyoandikiana barua na tenzi tangu enzi za mababu. Salha alikuwa mwepesi kuliko wote. Alipofika miaka kumi na miwili aliandika barua ya kurasa tatu, na salamu zake, na shairi lake, na dua yake.

Shule ya serikali hakwenda, kwa sababu mama yake alifariki na wadogo wanne walitaka uji. Alipofikisha kumi na sita alijiandikisha elimu ya watu wazima. Siku ya kwanza mwalimu akagawa vitabu. Salha akapokea chake, akakiweka mbele yake, akakifungua kwa adabu zote kutoka nyuma, maana vitabu vyote alivyovijua vilianzia huko. Mwalimu akamsimamisha vilevile, na kitabu chake mkononi, ili wenzake waone. Darasa zima likaangua kicheko. Mama mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Salha hakurudi tena, na mimi simlaumu.

Mzee Paramjit, mwenye karakana, alikuwa akitafuta mtu mwenye mkono wa sindano. Cheti hakuuliza. Alimwonyesha jinsi karatasi kubwa inavyokunjwa ikatoa kunjo la kurasa nane, na jinsi makunjo yanavyopangwa na kushonwa pamoja yakawa kitabu. Tarakimu Salha alizijua. Nani anakaa mjini asijue tarakimu? Aliyafuata yale manamba ya kurasa kama mtu anayefuata kamba gizani, na hakuwahi kupotea. Maneno machache aliyajua kwa umbo, kama unavyomjua jirani wa mtaa wa pili bila kujua jina lake. Risiti. Harusi. Basi.

Mzee Paramjit alikuwa na kawaida moja. Kabla ya kumpitishia marundo ya makunjo, aliandika kwa penseli tarakimu ndogo kwenye pembe ya chini ya kila kunjo. Moja, mbili, tatu. Kazi yoyote, hata ile ambayo kurasa zake zina namba tayari. Alipofariki mwaka juzi, binti yake Navneet alishika karakana, na jambo la kwanza alilolifuta ni ile penseli.

"Kurasa si zina namba?" Navneet alisema. "Hizi alama ni uchafu tu, wateja wanalalamika."

Ni kweli, kurasa zilikuwa na namba. Bi Salha aliendelea kushona.

Kisa cha Mize kilianzia kwenye kibaraza cha karakana, alikokuwa akiwasimulia watoto wa mtaani saa za mapumziko. Mwalimu Vaileth, mwanamke wa Kimeru anayefundisha darasa la tatu huko Akheri, alikuja kuchukua madaftari ya shule, akasimama kusikiliza kidogo, akasahau na madaftari yenyewe. Siku ya pili alirudi na ombi. Tufanye kitabu, Bi Salha. Watoto wangu hawana kitabu cha sura.

Angekataa vipi? Alikubali. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alikaa karibu na kompyuta, akafumba macho, akamsimulia Krunal, fundi wa mashine ya kuchapa, na Krunal akaandika. "Bi Salha, una kichwa wewe," Krunal alimsifu. Hakujua kwamba kila neno limekwisha kuandikwa nyumbani, ndani ya daftari jeusi, kwa herufi za Bi Mwamvua.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojitegea mtego kwa mkono wake. Lilikuwa wazo la Bi Salha kwamba kila sura iwe kijitabu peke yake, mtoto akimaliza kimoja apewe kinachofuata, kama juzuu. Kwa hiyo kila sura ilichapwa na namba zake, ukurasa wa 1 hadi wa 8, na juu yake Mwalimu Vaileth akataka iandikwe kwa maneno: Sura ya Kwanza, Sura ya Pili, watoto wazoee. Karatasi zilipokwisha kutoka, Navneet akapiga hesabu ya majalada kumi kwa kila mtoto, akatikisa kichwa. Shona zote pamoja, akasema, kiwe kitabu kimoja. Basi mezani pa Bi Salha yakaja marundo kumi, yote yakiwa na namba moja hadi nane, na hakuna penseli.

Kila sura ilianza na picha, na kisa ni chake. Punda wa msafara, hiyo ya kwanza. Ngome, ya pili. Mamba, ya sita. Alipanga vizuri mpaka yakabaki marundo mawili, na hayo yalikuwa na picha ileile. Mwalimu Vaileth, mchoraji wao, aliona isiwe taabu, akaitumia mara mbili: Mize ameinama kwenye mfereji, mkono umezama majini. Katika sura ya tatu Mize anaificha fimbo chini ya mawe ya mfereji. Katika sura ya nne anaitoa. Ipi ni ipi?

Krunal alikuwa hatua nne tu kutoka pale, anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hapa pameandikwa nini? Maneno matatu. Bi Salha hakuwahi kuyatamka kwa miaka thelathini na moja, na siku ile pia hayakutoka. Alizitazama herufi za juu. Tofauti aliiona, lakini tofauti usiyoijua jina haikusaidii kitu. Akavuta rundo la kushoto, akatia uzi kwenye sindano, akashona. Vitabu mia moja na ishirini, kwa kukisia.

*

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba ya Akheri, mlima ulio juu ya shule hauonekani. Mfereji ulipita nyuma ya madarasa, maji yake yakisikika hadi ndani. Wazazi walisimama madirishani. Mwalimu Mkuu Sadoki alikaa nyuma ya darasa, kofia magotini. Navneet alikuwa ametangulia kwa gari lake, akasimama mlangoni, na Krunal aliyeendesha kirikuu akashusha maboksi na kubaki kando yake.

"Shikamoo, bibi!" watoto sitini walisimama kwa pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni."

Alikuwa amejipanga. Atasoma sura ya kwanza, na kusoma kwenyewe ni kusema tu, maana kisa anakijua kuliko jina lake. Atapigiwa makofi, atakunywa chai, atarudi Ngarenaro. Lolote litakalokuwamo mbele ya kitabu, watu watalikuta baadaye, yeye hayupo.

Mwalimu Vaileth akagawa vitabu, kila mtoto chake. "Haya," akasema. "Kidole chini ya neno la kwanza. Bibi akisoma, kidole kinatembea naye."

Vidole sitini. Hilo hakuliwaza hata kidogo.

Akafungua kitabu, safari hii kutoka mbele, akaanza. "Zamani, msafara ulitoka pwani na punda thelathini..." Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kusimulia, na vidole vikatembea. Lakini aifunue karatasi saa ngapi? Ukurasa wa kwanza unaishia neno gani? Macho yake yakamwangukia binti wa benchi la mbele, nywele fupi, sweta limetoboka kiwiko. Binti alipofika mwisho wa ukurasa alilamba kidole akafunua. Bi Salha naye akafunua. Hivyohivyo hadi wa nane.

Makofi. Akakifunga kitabu.

"Ya pili!" watoto wakapaza sauti. "Bibi, ya pili!"

"Koo limekauka, wajukuu."

Mwalimu Vaileth akamletea maji, kikombe kimejaa pomoni. Bi Salha akayanywa taratibu iwezekanavyo, akitamani kengele igongwe. Kengele haikugongwa. Akasema sura ya pili, ya ngome na geti lake na askari waliomtilia Mize shaka, macho yake yakiwa kwenye vidole vya yule binti. Mwisho wa sura askari wanamfukuza Mize mashambani.

"Basi," Bi Salha akasema upesi. "Ya tatu mtajisomea wenyewe."

Watoto wakaguna. Mwalimu Vaileth akacheka. "Bi Salha, usituonee. Ya tatu ndiyo ya mfereji, na hapa sisi sote ni watu wa mfereji. Wamekuwa wakiisubiri wiki nzima."

"Endelea, mama," Mwalimu Mkuu Sadoki akasema kutoka nyuma. "Tuko pamoja."

Akafunua. Mize ameinama, mkono majini. Moja kati ya mbili. Akasoma Bismillahi kimoyomoyo, akaanza.

"Askari walikuwa karibu. Mize alisikia mlio wa ngozi na chuma nyuma ya mtama..."

Vidole havikutembea. Vichache vilijaribu, vikarudi nyuma, vikasimama. Yule binti wa mbele aliinamia ukurasa, midomo ikicheza, uso umekunjamana. Bi Salha akasema sentensi ya pili, na ya tatu, akijua kabisa anaongea peke yake. Alitaka kunyamaza, ulimi ukakataa, ukaendelea tu kama mashine iliyoachwa ikikimbia bila karatasi.

Binti akanyoosha mkono. "Bibi, kwangu hakuna askari."

"Eunike," Mwalimu Vaileth akamwita, "kwako kuna nini? Soma tusikie."

Eunike akasimama. Alisoma kama wasomavyo wanaoanza, akilikata neno vipande kisha akiliunga. "Mize a-li-rudi mferejini. A-liingiza mkono majini, a-ka-itoa fimbo." Akainua uso. "Bibi, aliiweka lini?"

"Hata kwangu hivyohivyo!" mvulana wa dirishani, Sakaya, akadakia.

Mwalimu Vaileth akachukua kitabu cha jirani, kisha cha mwingine, na watoto, kwa kuwa kisa kilikuwa kitamu hata kikiwa kimevurugika, wakaendelea kumsikiliza Eunike ambaye hakuna aliyemwambia akae. Akasoma jinsi Jemadari alivyomkamata Mize na kuipasua fimbo na kuichomoa barua. Jinsi alivyoishika mbele ya askari wake, kichwa chini miguu juu, akajifanya anasoma. "Jemadari a-likuwa hajui kusoma. Hata he-rufi moja."

Darasa likacheka. Walicheka kwa furaha ya watu ambao wenyewe wamejua juzi tu. "Hajui kusoma! Ameishika kichwa chini!"

Bi Salha alikuwa amecheka pia alipoiandika sehemu ile. Alikuwa amemtwika Jemadari aibu yake mwenyewe ya miaka ile, akaona imepata pa kukaa. Sasa ilikuwa imerudi, na alisimama mbele yake na kitabu mkononi, vilevile kama alivyosimamishwa akiwa na miaka kumi na sita.

"Sura ya Nne imetangulia ya Tatu," Mwalimu Vaileth akasema, akijitahidi isisikike kama lawama. "Katika vitabu hivi vyote."

Navneet alikuwa tayari amepiga magoti kwenye maboksi. Akafungua kitabu kimoja, cha pili, cha tatu. Aliposimama, uso ulikuwa mwekundu. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Krunal. Nilikuambia nini Jumatatu?"

Jumatatu Krunal alipewa onyo la mwisho. Zilikuwa kadi za harusi mia tatu, jina la bwana harusi limechapwa mara mbili na la bibi harusi halimo. Ikitokea nyingine moja, Navneet alimwambia, utafute kazi kwingine. Krunal ana miaka arobaini na watoto wawili, na kazi nyingine ya mashine kama ile haipo kila mtaa.

"Dada, mimi marundo niliyatoa kwa mpangilio..."

"Uliyatoa wewe, uliyaweka mezani wewe. Bi Salha anashona anachopewa. Miaka thelathini na moja hajawahi kukosea kitabu, muulize mtu yeyote. Utaniambia leo ndiyo amekosea? Hadithi yake mwenyewe?"

Krunal akamtazama Bi Salha. Hakumtazama kwa shutuma, na hilo ndilo lililouma. Akainamisha kichwa. "Labda nilichanganya mimi," akasema. "Samahani, Dada. Labda ni mimi."

Mlango ulikuwa wazi. Bi Salha aliuona waziwazi. Hata uongo haukuhitajika, kunyamaza tu kulitosha. Krunal angeondoka, vitabu vingefumuliwa na kushonwa upya, na siri ingerudi Ngarenaro ikiwa salama ndani ya mkoba. Alihesabu pumzi. Ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Wazee walisema mficha uchi hazai, na yeye aliuficha mpaka sasa mtu mwingine anavuliwa nguo kwa ajili yake.

"Navneet, mwanangu," akasema. "Mwache Krunal."

"Bi Salha, usimtetee, huyu..."

"Simtetei. Marundo yalikuja sawa. Niliyepanga ni mimi. Picha zilifanana, nikakisia." "Nilikisia kwa sababu sijui kusoma."

Krunal aliinua kichwa, mdomo wazi.

"Lakini bibi, umesoma," Eunike akasema. "Sura mbili."

"Nilikuwa nasema, mjukuu wangu. Kisa nakijua. Karatasi nilifunua ulipofunua wewe."

Eunike akavitazama vidole vyake.

Bi Salha alisubiri kicheko, na kilikuja. Mtoto mmoja wa nyuma alicheka, kwa kifupi, na Mwalimu Vaileth akageuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Mwache acheke," Bi Salha akasema. "Jemadari si mlimcheka? Na mimi ndiye niliyemwandika."

Hapo Sakaya akauliza swali ambalo wakubwa wote chumbani walilikwepa. "Ulimwandikaje, bibi, kama hujui kusoma?"

Bi Salha akafungua mkoba. Daftari jeusi halikuwahi kutoka nje ya nyumba yake mpaka siku ile, alilichukua kama mtu anayechukua hirizi. Akaliweka juu ya meza, akalifungua kutoka nyuma, kutoka kwenye mwanzo wake. Akatafuta sura ya tatu kwa kidole, akaipata.

"Askari walikuwa karibu," akasoma, na safari hii alisoma kweli, kidole kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto. "Mize alisikia mlio wa ngozi na chuma nyuma ya mtama. Akapiga magoti kando ya mfereji, akaisukuma fimbo chini ya mawe, mpaka maji yakaifunika."

Mabenchi yakagongana. Watoto wakamzunguka, wengine wamepanda juu ya meza, Mwalimu Mkuu akasahau kuwakemea. Walitazama mistari iliyopinda, nukta juu na chini.

"Hii ndiyo barua ya Mize?" Eunike akanong'ona.

"Barua ya Mize iliandikwa kwa herufi hizi. Zama zile watu wa pwani hawakuwa na nyingine."

Sakaya akaligeuza daftari huku na huku, akaliinamia, akakata tamaa. Akawaangalia wenzake. "Basi hapa," akasema, "sisi ndio Jemadari."

Wakacheka, na Bi Salha akacheka nao, machozi yakimtoka. Kisha akainua macho kuelekea mlangoni. Navneet hakuwa akicheka. Alishika kitabu kimoja, anakitazama pembeni, chini, pale ambapo pembe ya kunjo hukutana na uzi.

"Vitabu vyote virudi karakana," Navneet akamwambia Krunal. Kisha, bila kumtazama usoni, "Bi Salha, kesho saa mbili tuonane."

*

Walipofika barabara kuu ya lami Krunal akapunguza mwendo. "Mama," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "ungenyamaza tu."

"Nawe ungenyamaza, wala usingejitwika mzigo usio wako."

"Nilidhani kweli ni mimi. Baada ya zile kadi hata jina langu nalitilia shaka."

Saa mbili kasoro kumi asubuhi Bi Salha alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa baibui la kwenda hitimani, maana hakujua anakwenda kuagwa au kuzikwa. Vitu vyake vya kazi, sindano tatu na mfupa wa kukunjia, alikuwa amevikusanya kwenye kitambaa tayari, asije akaambiwa avikusanye mbele za watu.

Vitabu vyote mia moja na ishirini vilikuwa mezani pake. Navneet alikaa kwenye kigoda cha baba yake, upande wa pili. Kando yake palikuwa na vitabu vya zamani vya stoo, vimefunguliwa, na kwenye pembe ya kila kunjo tarakimu ndogo ya penseli.

"Kaa, Bi Salha."

Akakaa, kitambaa chake mapajani.

"Baba alijua?"

Bi Salha alifikiri kabla ya kujibu. Alikuwa amefikiri usiku kucha pia. "Hakuniuliza hata siku moja. Aliniambia tu, siku ya kwanza, kwamba yeye mwenyewe ni msahaulifu, lazima aandike namba ndiyo asichanganyikiwe."

"Baba hakuwahi kusahau kitu maishani mwake," Navneet akasema. "Alikumbuka namba za simu za wateja waliokwisha kufa." Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imekaa kimya miaka yote ile mpaka ikafa nayo. "Mimi nikafuta penseli. Nikaita uchafu."

"Hukujua, mwanangu."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

Navneet akavuta kitabu cha kwanza, akakata uzi kwa wembe, akayatenganisha makunjo, akayapanga upya. Kisha akachukua penseli sikioni, mahali palepale baba yake alipozoea kuiweka, akaandika 3 kwenye pembe ya kunjo moja na 4 kwenye pembe ya jingine. Akayasogeza mbele ya Bi Salha.

"Vya watoto vimalizike kabla ya Ijumaa," akasema. "Mwalimu Vaileth amepiga simu mara mbili. Anataka pia ulete lile daftari jeusi, anasema watoto hawampumzishi."

Kwa hiyo hafukuzwi. Bi Salha akakikunjua kitambaa, akatoa sindano, akazipanga. Akaitazama ile 3, ndogo, imelala kidogo upande, kama alivyoiandika mzee. Angeweza kushona na hiyo mpaka siku ya kufa kwake. Alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini na moja.

"Navneet," akasema. "Andika na neno lake pembeni."

Navneet akamtazama, kisha akainama, akaandika taratibu, herufi nne kubwa zilizotengana.

Bi Salha akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza. Kilikuwa kimeanzia kulia, kwa mazoea. Akakiinua, akakihamishia kushoto.

"Tatu," akasema.